Homa ya Mwezi wa Kumi

"Batoto umeacha na nani?"... swali gani la kumtupia mtu asubuhi ya Pasaka, kabla hata hajapangusa tope la Nakivale kwenye viatu, kabla hajajua akae wapi, na sasa amekaa, amekalishwa, benchi la wageni lipo mbele kabisa ubavuni mwa mimbari, limegeuzwa liwatazame watu wote ili watu wote nao walitazame, na swali bado limemkwama Olga kooni kama mwiba wa samaki, Mama Orpa ndiye aliyemuuliza, mkuu wa akina mama, pale mlangoni, amemkamata mikono yote miwili, mwanamke wa kifua kipana na kitambaa cheupe kichwani, na Olga akadhani amefananishwa, akacheka kicheko chake cha mikutanoni, akafungua mdomo aseme mama, mimi sina watoto, sijapata kuwa nao, lakini Mama Orpa si mtu wa kungoja jibu, "na Néhémie? ile homa haikurudia tena? tulimufungia, siye bamama bote, hata maji hatukuonja, Koko hakukuambia? na Patient, anakulaka sasa? na kale kadogo, Anne, kanatembea?"... majina matatu, moja nyuma ya jingine, na kabla Olga hajavuta pumzi akaja mama mwingine, akamkumbatia, batoto habajambo?, akaja na wa tatu, utusalimie bale batoto, na yeye kasimama tu pale, mhadhiri wa elimu ya idadi ya watu, ametoka Dar es Salaam, mwanamke anayelipwa kuwafundisha vijana jinsi kaya zinavyomdanganya karani wa sensa, huku wameongeza mtoto, kule wamepunguza umri, kasimama akigundua kwamba yeye mwenyewe ana watoto watatu katika kanisa la wakimbizi kusini mwa Uganda, watumishi hewa amewasikia, wanafunzi hewa amewahi kuwasahihishia mitihani, lakini wajukuu hewa!, na mtunzi wao ameketi pale, safu ya pili upande wa akina mama, mgongo umenyooka, kitenge kipya cha bluu na njano, anautazama msalaba, hamtazami yeye.

Hamtazami tangu wameingia. Mama. Hapa hakuna anayemwita Mama Olga, jina aliloishi nalo kule kwao, kwenye milima iliyo juu ya Uvira, ambako mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza na jina lake la kuzaliwa hubaki na wazazi wake, hapa yeye ni Koko, bibi, Koko Néhémie, watoto wa jirani walimwita hivyo Ijumaa jioni Olga alipofika, na Olga akadhani wamesikia tu jina likipita, mtu hupewa heshima akizeeka, akaacha, alikuwa amechoka, alilala Nyamitanga kwa masista usiku uliotangulia, akapanda pikipiki ya Asuman kutoka Isingiro, na Asuman njia nzima anamhoji kwa Kiswahili chake cha barabarani, "wewe nyabo, unakwenda kuona nani kwa camp? mama yako? na miaka yote hiyo ulikuwa wapi?", hata mwendesha pikipiki, hata yeye, aliona mahali pa kuchoma... na mama alimkumbatia kwa muda mrefu, akamnusa shingoni kama mtu anayenusa unga kujua kama umevunda, akamwandalia ugali wa muhogo na sombe, kisamvu cha kwao, akamwambia umekonda, na jana, Jumamosi, mchana kutwa alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia, anaketi, anainuka, anafagia palipofagiliwa, akasema, "Olga, kesho ku kanisa, batakuuliza mingi", Olga akasema waulize tu mama, nimezoea kuulizwa, na mama akanyanyua mwiko, akakaa nao, akaurudisha chunguni, akakoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa... hapo ndipo angesema. Hakusema. Alimwachia mwanawe aje aingie kichwa kichwa.

Mvua imeanza, bati linapigwa, Mwinjilisti Adolphe amesogeza kipaza sauti mdomoni mpaka kinamlia, msalaba nyuma yake umezungushiwa karatasi za chooni za rangi ya waridi, mradi Pasaka, na mapulizo mawili yamekwisha pasuka kwa joto, watoto wa kweli, wenye pua na makamasi ya kweli, wamekaa chini wakigombania mipira iliyopasuka, "tunaendelea na programme, Bwana asifiwe!", amina, "sasa ni wakati ya bageni, bageni batatupatia salamu za nyumbani", na kanisa zima likajiweka sawa kwenye mabenchi, wanaipenda sehemu hii kuliko mahubiri, Olga anaikumbuka toka utoto, ni desturi waliyoibeba mgongoni pamoja na sufuria, mgeni husimama, akataja alikotoka, kisha akawataja mmoja mmoja kwa jina wale aliowaacha nyumbani, fulani anawasalimu, na watu wote huinua mkono, wakadaka hewani kama anayedaka pera lililorushwa, wakaitika kwa pamoja, Tumezipokea!, na mgeni asiye na salamu za mtu ni sawa na mgeni aliyekuja mikono mitupu, wanamwonea huruma, na huruma ya kanisa, Mungu nisamehe, hakuna kitu kinachowasha kama hicho... benchi lina wageni watatu, wa kwanza mzee Naboth kutoka kanisa la Ngarama, kisha mama wa Mbarara, Goreti, mke wa mwanajeshi, kisha yeye. Yeye wa mwisho. Koko amepangiwa raha ya mwisho.

Mzee Naboth amesimama, anaanza na hali ya hewa. Vizuri, baba, anza na gharika ya Nuhu ukipenda, chukua muda wako... kwa sababu atasema nini, akisimama atasema nini, ukweli ni sentensi moja, naitwa Olga, sina mtoto, na sentensi hiyo amekwisha kuisema mara nyingi na kwa raha, mbele ya mashangazi, mbele ya mkuu wa kitivo aliyemuuliza kwenye dhifa eti unasubiri nini, mbele ya yule mwanamume wa Morogoro aliyeondoka na redio yake na kuacha viatu vyake, haimwumi tena, au humwuma kwa nadra, kama jino lililozibwa linapokutana na maji baridi, yeye hana subira na watu wanaojifanya, hajifanyi, hiyo ndiyo fahari yake pekee, na kumbe huku nyuma mama yake ameona aibu, ndiyo, ni aibu hiyo, nini kingine, binti karibu arobaini, vitabu kichwani, tumbo tupu, basi akakaa gizani akamfinyangia watoto, wawili wa kiume na mmoja wa kike, akavipeleka kanisani vikaombewe, na akakosa hata haya ya kutafuta majina mapya!... akachukua ya marehemu. Néhémie. Patient. Anne. Wadogo zake Olga, walio nyuma yake, waliokufa porini mwaka wa tisini na sita vita vilipowafukuza nyumbani, amechukua majina yao kama mtu anayeanua nguo za wenyewe kwenye kamba, akaivika aibu yake... na mzee Naboth anasema mke wake anawasalimu, Tumezipokea!, na mkwe wake, Tumezipokea!, na mikono inadaka, na mkono wa mama nao unadaka, mkono mwembamba, kiganja kimefunguka kikafumba, haraka kuliko ya wenzake, kama anaogopa salamu itamponyoka.

"We' dada," Goreti anamnong'oneza, ameinama na harufu ya mafuta ya nazi na ya maharage mabichi, "hao watoto yako mbona haikui?" Nini? "Mimi nakuja hapa kununua maharage kwa hawa mama, nikaona wanaimba mzuri kushinda sisi, sasa Pasaka zangu zote niko hapa. Kila mwaka nasikia Néhémie iko na miaka tisa. Tisa, tisa, tisa. Banange, mnamlisha nini?" na anacheka bila sauti, mabega yakitikisika, na Olga anataka kucheka naye, kwa kweli anataka, kwa sababu Néhémie alikuwa na miaka tisa, ndio umri wake, ndiko aliko, amegoma hapo, na kicheko kinafika nusu ya njia kinageuka kitu kingine... tisa, ana pengo mbele, anapuliza bua la jani la mpapai mpaka mbuzi wanakimbia, anahesabu mbuzi vibaya makusudi ili babake arudie yeye, na Patient ambaye hakula sombe mpaka aambiwe nani ameitwanga, kama jaji mdogo, nani ametwanga?, na ukimtajia mtu asiyempenda anafunga mdomo... na Anne. Anne hajawahi kumwona. Alizaliwa Olga akiwa ameshapelekwa kwa mjomba Dar kusoma, alisikia jina tu, dada umepata mdogo wako wa kike, alipanga likizo aende ambebe, likizo ikaja na vita.

Mama Orpa anapita na chupa za soda kwa wageni, anainama mbele ya Olga, na mtu anayeinama lazima anong'one, ndivyo alivyo, "usiogope kusimama, Koko alikungojea mingi", na akachuchumaa kabisa, goti kwenye udongo, mzee Naboth bado yuko kwa wakwe, "mama yako ni mutu wa imani, unajua? ile siku ya Mungu, dimanche ya kwanza alifika humu, tulikuwa tunaleta majina ya batu ba kuombewa, akasimama, mwembamba hivi, akasema niko na batoto batatu, balifia mu pori... Pasta Grégoire akamukatiza, pole-pole, si kwa kasirani, akasema mama, bale bako kwa Bwana, siye bafu hatubaombeake, ile ni mambo ya benzetu Bakatoliki, tupatie majina ya benye kuwa hai. Hata kubataja hakubataja. Akaikala. Alilia! Njo dimanche yenye ilifuata anasimama tena, sura inang'aa, eti niko na bajukuu kwa Olga, kule Dar, mubaombee. Si unaona? Mungu anarudishaka." Na chupa ikafunguka, fff, povu likamwagika kwenye vidole vyake, akavifuta kwa kitenge, "ila ile homa ya Néhémie, ile inatuchokesha. Kila mwezi wa kumi. Kila mwaka. Koko anasimama, Néhémie ameshikwa tena, na siye tunafunga, na dimanche yenye inafuata anasimama, anasema amepona. Hakuna hata mwaka moja Mungu alituangusha." Goreti akasema, "na umri?", na Mama Orpa akamtazama Goreti, kisha Olga, macho yake hayacheki wala hayaulizi, akasema, "Koko anazeeka, hesabu inamupotea", akainuka kwa kushika benchi, akaenda zake.

Mwezi wa kumi... mjomba alimwita kwenye veranda mwishoni mwa mwaka ule, akavua miwani, akasema wadogo zako, wote, homa ilianza na Néhémie, mwezi wa kumi, wakiwa bado wanapanda mlima, na Olga alikuwa na mtihani kesho yake, alifanya mtihani, alifaulu, watu wakasema ana moyo huyu binti, na hakuuliza, hakuuliza hata siku moja, hata simu zilipopatikana, hata mama alipotokea Bunagana, mpakani mwa Uganda, baada ya vita vya pili na vya tatu, na sauti yake ikaja kwenye waya nyembamba, Olga?, hakuuliza nani aliwazika, hakuuliza kama palikuwa na jembe, alizungumza juu ya shule, juu ya chuo, juu ya hali ya hewa kama mzee Naboth, mwakani nitakuja mama, pasipoti inasumbua mama, mwakani, na yeye ndiye asiyejifanya, yeye ndiye asiye na subira na wanaojifanya... na mama kule hana mtu hata mmoja wa kumtajia majina yale, binti hayataki, kanisa haliruhusu, atayapeleka wapi, mtu atembee na majina matatu mdomoni miaka yote hiyo bila kuyatua, hata maji ukiyaweka mdomoni utayameza au utayatema, basi akatafuta mlango, na mlango ulikuwa mmoja tu, walio hai, akawatoa kaburini, akawapitisha kwenye tumbo la binti yake aliye mbali kwa sababu halikuwa na kazi nyingine... haikuwa aibu. Haikumhusu Olga hata kidogo, na hilo, kwa namna ya ajabu, linamchoma na kumpoza kwa wakati mmoja, alidhani yeye ndiye habari kumbe yeye ni njia tu, mlima waliopita. Kila mwezi wa kumi Néhémie anashikwa na homa ile ile. Na kila mwezi wa kumi wanawake hawa, wenye njaa zao wenyewe, wanainyima midomo yao maji, wanaizuia homa njiani, na Néhémie, hapa, katika nyumba hii ya bati na turubai, anapona. Kule hakupona. Hapa hajafa hata mara moja.

Goreti amesimama, kumbe Naboth amekaa, lini amekaa, "mimi naitwa Goreti, natoka Mbarara kwa barracks, bwana yangu afande anawasalimu", Tumezipokea!, "alikataa kuja, anasema nyimbo yenu itamlilisha mbele ya askari yake", kanisa linacheka, Tumezipokea!, "na ng'ombe yangu ya kule kijiji Masha, imezaa juzi, na yenyewe inawasalimu", wamevunjika mbavu, wanadaka salamu za ng'ombe kwa mikono miwili, hata Pasta Grégoire anadaka, na mama hacheki, mama amegeuza kichwa, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anamtazama Olga, na si kuomba, Olga angejua la kufanya na kuomba, ni mtazamo wa mtu aliyeweka mzigo njiani na kukaa pembeni yake, akisubiri mwenyewe apite, fanya utakavyo, mwanangu, mimi nimechoka... na Adolphe anasema, "na sasa, ule tulikuwa tunangojea, mutoto wa Koko!", na mikono inapigwa, mvua inapigwa, magoti yake yanamnyanyua kabla hajayaruhusu.

"Bwana asifiwe." Amina! Sauti yake ya darasani, haifai hapa, ishushe. "Naitwa Olga. Natoka Dar es Salaam." Wanasubiri, mikono imekwisha inuka nusu, viganja wazi, ukumbi mzima wa viganja, wahadhiri wenzake wangesemaje, data za kubuni, mbele ya madhabahu, siku ya Pasaka, mtu ambaye humrudishia mwanafunzi kazi kwa takwimu moja aliyoipika... basi mwanafunzi nisamehe, "Nimeacha watu nyumbani. Néhémie anawasalimu." Tumezipokea! Jamani, walivyodaka, walivyomdaka, Mama Orpa ameruka kabisa. "Homa imeisha. Bado anapuliza bua la mpapai, anafukuza mbuzi za watu." Wanacheka, wanamjua, wamemlea. "Patient anawasalimu." Tumezipokea! "Anakula sasa, ila lazima kwanza aambiwe nani ametwanga," na hiki si uongo, hakuna neno lolote hapa ambalo ni uongo, ni nyakati tu zimekaa vibaya, bado mmoja, yule asiyemjua, hana cha kusema juu yake, hajui hata alikuwa na nywele au kipara, angalau mpe kitu, mpe kile walichouliza mlangoni, "na Anne... Anne anawasalimu. Anne ameanza kutembea."

Mikono imeinuka idake na haikudaka, kwa sababu safu ya pili kuna mtu amesimama, kitenge cha bluu na njano, ameshika mgongo wa benchi la mbele, "Hapana," mama anasema, si kwa nguvu, lakini Adolphe ameshusha kipaza sauti na kanisa limesikia, "hapana, Olga, iache. Anne hakutembea." Mvua. Mtoto mmoja anakohoa. "Alikuwa bado anatambaa. Huyu mutoto wangu hana batoto, musimuulize tena, anawasemea bongo, uongo, juu ya kunificha mie. Ni mie. Néhémie na Patient na Anne ni ba tumbo yangu, balifia mu pori, nilibazika na hii mikono, hapakuwa jembe, na nyiye mulisema bafu habaombewe, basi mie niliwadanganya, nilibaleta humu sawa na bazima."